Jina la mwanangu limetoweka kwenye orodha ya drafti. Je, klabu zimemkataa?

"Mwalimu, nakusalimu. Mimi ni mama wa watoto watano. Tumetoka Fizi, Kongo, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kumi na mmoja, sasa tuko magharibi mwa Melbourne. Kijana wangu wa tatu ametimiza miaka 18 Januari, ana urefu wa sentimita 195, na anacheza futi, ule mpira wa Australia wenye umbo la yai, kama beki katika ligi ya vijana. Yumo pia kwenye akademi ya klabu moja ya AFL, ligi kuu ya futi. Mwezi wa tano jina lake lilitokea namba 23 kwenye orodha ya utabiri wa drafti, siku ambayo klabu huchagua vijana kwa zamu, watu wa kanisani wakaja kutupongeza. Shemeji yangu akasema klabu ya akademi imeshamchukua, kilichobaki ni sahihi. Mwezi wa saba ikatoka orodha mpya, jina halimo. Tangu hapo mtoto hali vizuri, usiku kucha yuko kwenye simu akisoma watu wanavyomjadili, na anasema mtihani wa mwisho wa shule hauna maana tena. Kuna wakala amekuja nyumbani akasema nikisaini kwake bei ya mtoto itapanda. Wengine wanasema tatizo ni karatasi zake, zinaonyesha amezaliwa Januari 1 kama sisi wengi wa kambini, eti tukazibadilishe. Je, ni kweli klabu zimemkataa? Ni klabu gani inaweza kumchukua? Nisaini? Halafu, Jumamosi iliyopita aligongwa kichwa mechini, akaniomba nisimwambie mtu kwa sababu watu wa klabu walikuwepo wanatazama."

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye sentensi ya mwisho. Mengine yote uliyouliza yana muda hadi drafti ya Novemba. Hilo la kichwa halina muda, kwa hiyo naanza nalo.

Mtu akigongwa kichwa, ubongo hutikisika ndani ya fuvu hata kama hakuna damu wala uvimbe, na hata kama hakuzimia. Ukitikiswa tena kabla haujapona, pigo la pili linaweza kuleta madhara makubwa kuliko la kwanza, hata likiwa dogo. Ndiyo maana mwongozo wa Taasisi ya Michezo ya Australia kwa vijana wa chini ya miaka 19 unataka kijana akae angalau siku 14 bila dalili yoyote kabla ya kurudi kwenye mazoezi ya kugongana, na asicheze mechi mpaka zipite angalau siku 21 tangu siku ya pigo. Mwanao ana miaka 18, mwongozo huu unamhusu. Nenda naye kwa daktari kesho. Ikiwa leo hii anatapika, ana usingizi usio wa kawaida, kichwa kinazidi kuuma, anachanganyikiwa au amepata degedege, usingoje kesho, piga 000.

Ukifika kwa daktari omba mkalimani. Ipo huduma ya serikali ya ukalimani kwa simu, namba 131 450, na Kiswahili kipo. Usikubali mtoto akutafsirie. Niliwahi kukaa kwenye chumba cha daktari na kijana mmoja ambaye mama yake alieleza kwa dakika nzima: kichwa kinauma asubuhi, mwanga unamsumbua, juzi ametapika. Mama alipomaliza, kijana akamgeukia daktari akatafsiri kwa maneno machache tu, kwamba mama ana wasiwasi. Kwa kuwa wako ni mtu mzima kisheria, lazima akubali wewe uingie naye. Mwombe kwa upole, usimlazimishe.

Na kuhusu hao waliokuwa wanatazama, mwambie hivi: pigo lile waliliona kabla yako. Mtu wa usajili wa klabu anaiangalia mechi uwanjani, kisha anarudi kuiangalia kwenye video akisimamisha na kurudisha nyuma. Zaidi ya hapo, kambi ya Oktoba, ambako vijana wa drafti hupimwa uwezo wao, ina uchunguzi wa kitabibu. Katika miaka yangu ya kukaa na watu hawa sijaona kijana aliyefutwa kwenye daftari kwa kukaa nje wiki tatu kwa sababu ya kichwa. Nimeona aliyefutwa kwa kudanganya, kwa sababu kinachowasumbua zaidi kuhusu mtoto wa miaka 18 ni kama wataweza kuamini anachowaambia.

Sasa tuje kwenye orodha.

Kwetu tumezoea usajili wa Simba na Yanga. Dirisha linafunguliwa, klabu inamfuata mchezaji, wanakaa mezani, anakubali au anakataa, na tetesi zinaruka redioni mpaka siku ya kutambulishwa. Shemeji yako anaitazama AFL kwa macho hayo, ndiyo maana anasema kilichobaki ni sahihi. Huku mambo hayaendi hivyo. Tangu mwaka 1986 vijana huingia ligi kuu kwa drafti, na sisemi ule mchezo wa vizibo wa barazani. Mwishoni mwa Novemba klabu zote 18 hukaa kwenye foleni. Iliyoshika mkia kwenye msimamo inachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho, kisha foleni inaanza upya. Lengo ni kuzuia klabu tajiri zisizoe vipaji vyote kila mwaka. Kijana anajiandikisha tu kwamba yuko tayari kuchaguliwa. Hachagui klabu wala mji. Mtoto aliyekulia Werribee, huko kwenu magharibi mwa Melbourne, anaweza kutajwa na klabu ya Perth, na muda mfupi baadaye yuko kwenye ndege na begi lake. Wanaotajwa kwenye drafti kuu ni sitini au sabini hivi kwa mwaka, nchi nzima.

Kwa hiyo ile orodha ya mwezi wa tano haikuandikwa na klabu yoyote. Imeandikwa na mwandishi wa habari ambaye kazi yake ni kuzungumza na watu wa usajili, makocha wa vijana na mawakala, kisha kukisia vyumba 18 tofauti vinafikiri nini. Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa, na nawaheshimu. Lakini jiulize nani anawapa habari. Klabu inayomtaka kijana kweli haina faida ya kulitangaza jina lake, maana yule aliye mbele yake kwenye foleni atasikia. Yenye nafasi ya juu inaweza kumsifia sana kijana isiyemtaka ili wengine waingie wasiwasi. Mwandishi anasikia vyote hivyo, anachuja, anapanga. Kinachotoka ni kisio zuri lililojengwa juu ya maneno ambayo nusu yake yalisemwa kwa makusudi fulani.

Halafu kuna jambo dogo ambalo watu hawaliangalii. Orodha nyingi za katikati ya mwaka zina majina 25 au 30 tu. Kijana aliyekuwa namba 23 akiteleza hadi 31, kwa mtu wa usajili hakuna kilichobadilika, bado wanazungumza naye na bado wanakuja kumtazama. Kwa msomaji wa orodha amefutwa. Mwezi wa sita na wa saba ndipo hufanyika mashindano ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 18, majimbo yanapambana, na kila mwaka kuna wanne watano wanaochomoza pale ghafla. Majina yao yanapoingia, mengine lazima yatoke. Mwanao anaweza kuwa amecheza vilevile kabisa na bado akasukumwa nje ya ukurasa.

Pia ni beki mrefu, na mabeki warefu wana shida yao. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu: mpira una umbo la yai, uwanja ni mviringo mkubwa kuliko wa soka, kila upande una watu 18, na beki mrefu kazi yake ni kupambana hewani na mshambuliaji mwenye miaka 27 na kilo mia. Kijana wa miaka 18 mwenye sentimita 195 bado ana mwili wa mwanzi. Klabu inayomchukua inajua itamsubiri miaka mitatu, minne. Wachezaji wadogo wa katikati wanaonekana tayari, wanapata mpira mara thelathini kwa mechi, namba zao zinang'aa. Beki anaweza kucheza mechi bora ya maisha yake akagusa mpira mara kumi. Waandishi huwapandisha wa kwanza na kuwashusha wa pili karibu kila mwaka.

Nitakupa mfano ambao mwanao anaujua bila shaka. Aliir Aliir alizaliwa Kakuma, kule Turkana. Kwenye drafti ya mwaka 2013 Sydney walimchagua namba 44. Hakucheza mechi ya wakubwa mwaka uliofuata, wala mwaka wa pili. Alianza 2016. Akahamia Port Adelaide mwishoni mwa 2020, na mwaka 2021 akatajwa kwenye kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima, akiwa beki mrefu. Kabla yake, Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, alichukuliwa na North Melbourne mwaka 2009 kwa mlango mdogo wa ruki, yaani wachezaji wanaoanza kwa nafasi za chini, akasubiri mpaka 2013 kucheza mechi yake ya kwanza. Lachie Neale, ambaye ameshinda tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara mbili, alichaguliwa namba 58 mwaka 2011. James Hird, mmoja wa nyota wakubwa wa mchezo huu, alikuwa namba 79 mwaka 1990. Na Tom Boyd, aliyekuwa namba moja mwaka 2013, alistaafu 2019 akiwa na miaka 23. Simwambii kijana kwamba namba haina maana. Ina maana sana kwa klabu inayolipa. Namwambia kwamba namba inaeleza siku moja ya Novemba.

Sasa hili la akademi, na hapa naomba umsomee shemeji yako polepole.

Akademi za klabu kwa vijana wa jamii za wenyeji asilia na wa asili ya nje kama Afrika na Asia zilianza mwaka 2016. Klabu inapewa eneo lake, inawalea vijana wa hapo, na kwa malipo hayo inapata haki ya kipaumbele siku ya drafti. Haki hiyo si kumchukua bure. Kila nafasi ya kuchagua ina thamani ya pointi. Ya kwanza ni pointi 3,000, na thamani inashuka kadiri unavyokwenda chini. Tuseme zamu ya klabu nyingine imefika, namba 20, ikataja jina la mwanao. Hilo ni dau. Papo hapo klabu ya akademi inaulizwa: mnalipa au mnamwachia? Ikilipa, inatoa nafasi zake za nyuma mpaka pointi zijumlike kufikia bei ya namba 20, kwa punguzo fulani, ambalo mwaka 2025 lilikuwa asilimia 10, na kabla ya hapo 20. Kama nafasi zake za nyuma zimekwisha, au kama ina kijana mwingine wa kulipia mbele yake, inaweza kumwachia. Huyo mwingine anaweza kuwa wa akademi, au mtoto wa mchezaji wake wa zamani. Baba akiwa amecheza mechi 100 au zaidi kwenye klabu, klabu hiyo inapewa kipaumbele kwa mtoto wake kwa utaratibu huohuo wa dau. Collingwood walimpata Nick Daicos hivyo mwaka 2021, baada ya Gold Coast kuweka dau kwenye namba 4.

Unaona sasa ile 23 ilikuwa na maana gani? Mwandishi alikuwa anakisia kwamba mtu fulani ataweka dau karibu na hapo. Hakusema klabu ya akademi imemchukua. Haiwezi kumchukua kabla ya usiku wenyewe.

Na kanuni zenyewe zimekuwa zikigeuka kama upepo wa kusi. Mwaka 2020 Jamarra Ugle-Hagan, kijana wa akademi ya Western Bulldogs, alikuwa ndiye bora wa mwaka. Adelaide wakaweka dau kwenye namba 1, Bulldogs wakalipa wakamchukua. Klabu nyingine zikalalamika: timu iliyotoka kucheza fainali za msimu inampataje kijana namba moja? Ligi ikabana. Mwaka uliofuata ikawa ukitajwa ndani ya 20 za kwanza klabu ya akademi haina haki ya kulipia. Aliyeumia hapo ni Melbourne, waliokuwa wamemlea Mac Andrew, kijana wa wazazi wa Sudan Kusini aliyezaliwa Misri. Gold Coast wakamtaja namba 5, na Melbourne walibaki wanatazama. Mwaka 2022 wakabana zaidi, ikawa 40 za kwanza. Kisha 2024 wakafungua tena, na Essendon wakaweza kumlipia Isaac Kako wa akademi yao kwenye namba 13. Vijana wote hao watatu walifanya kazi ileile kwenye akademi. Kilichoamua nani avae jezi ipi ni mwaka aliozaliwa na kanuni ya mwaka huo. Kwa hiyo usimuulize shemeji. Mpigie simu mratibu wa akademi, omba mkae ana kwa ana, muulize maswali mawili: kwa kanuni za mwaka huu mwanangu anahesabiwa kuwa wenu? Na kama dau likiwekwa mapema, mna pointi za kulipia? La kwanza atakujibu wazi. La pili hatakujibu yote, lakini jinsi anavyolikwepa utajifunza kitu.

Umeuliza ni klabu gani inaweza kumchukua. Sitakutajia jina, kwa sababu nikikutajia nitakuwa nimeongeza tetesi moja juu ya zile zinazomnyima mtoto usingizi. Nitakuonyesha tu mtu anayekisia vizuri anavyofanya, ili ukimsikia mtu anabashiri ujue kama anajua anachosema. Anaanza na kikosi, si na kijana. Anauliza mabeki warefu wa klabu hii wana miaka mingapi? Kwa kuwa kijana wa aina yake atakomaa baada ya miaka mitatu, haangalii nani amestaafu leo, anaangalia nani atakuwa na miaka 32 wakati huo. Anaangalia drafti mbili zilizopita: klabu iliyokwisha kuchukua mabeki warefu wawili haina haraka na wa tatu. Anasubiri dirisha la kubadilishana wachezaji la Oktoba lipite, maana klabu huuziana hata nafasi za drafti, na foleni ya Septemba si foleni ya Novemba. Hapo ndipo orodha zote za mwezi wa saba zinapochakaa. Kisha anauliza hili: kijana atakaa? Klabu za Perth, Adelaide, Brisbane na Sydney zimeumizwa mara nyingi na vijana wa Melbourne wanaoomba kurudi kwao baada ya miaka miwili. Zinataka kujua familia ikoje, kijana amewahi kulala mbali na nyumbani, atapika nini akiwa peke yake. Mtu anayebashiri bila kugusa mambo haya anasoma orodha za wenzake tu.

Kuhusu wakala. Kwanza, hupaswi kusaini wewe. Kijana ametimiza 18, sahihi ni yake, ingawa busara ni yenu wote wawili. Pili, hiyo habari ya bei kupanda si kweli. Kijana anayeingia kwa drafti analipwa kima kilichopangwa kwenye makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji. Hakuna ada ya usajili inayolipwa kwa familia, na hakuna wakala awezaye kumsogeza kwenye foleni. Wakala mzuri ana kazi zake: kusoma mkataba, kumtetea akiumia, kumpangia fedha, kumwandaa kwa mahojiano. Kazi hizo zinaanza kuwa na uzito baadaye, mkataba wa pili unapojadiliwa. Chama cha wachezaji wa AFL huwapa mawakala kibali, na unaweza kuwauliza kama huyu anacho. Akikuletea karatasi na kalamu siku ya kwanza, mwambie utaipeleka kwa mwanasheria wa kituo cha msaada wa sheria cha jamii kwanza, msaada wao ni bure. Mwenye nia njema atasema sawa.

Hilo la kubadilisha tarehe ya kuzaliwa, liache kabisa. Najua Januari 1 ilikotoka. Afisa wa kambi aliuliza, mama akataja msimu wa mvua, afisa akajaza alichoweza kujaza. Ni kweli watu wa usajili hutazama mwezi wa kuzaliwa, kwa sababu mtoto wa Januari ameshinda umri wa mtoto wa Desemba wa mwaka uleule kwa karibu mwaka mzima, na hudhani wa Desemba bado ana nafasi ya kukua. Lakini watu hao wameshawaona vijana wengi wa kambini, wanajua Januari 1 ni nini. Mwanao akiulizwa aeleze kama ilivyo. Tarehe ile imeandikwa pia kwenye karatasi zenu za uhamiaji na uraia, na kuigusa kwa ajili ya mpira kunaweza kuitikisa familia nzima. Kama mnao ushahidi halisi kwamba si sahihi na mnataka irekebishwe kwa haki yake, muoneni mwanasheria wa uhamiaji, na msifanye hivyo kwa haraka ya Novemba.

Shule. Hapa nasema kama mzazi, si kama mtu wa mpira. Mkataba wa kwanza wa aliyechaguliwa kwenye drafti kuu ni angalau wa miaka miwili, na klabu ina wachezaji arobaini na kitu wanaogombea nafasi 23 za kila wiki. Wengi wa wanaoingia hawamalizi miaka mitano. Yule mwenye cheti cha kumaliza shule anaondoka akiwa na mlango wa pili. Na hata klabu wenyewe huuliza: wanawapigia simu walimu, wanataka kujua kijana anafika kwa wakati, anamaliza alichoanza. Kinachowabana vijana ni ratiba, maana vipimo vya Oktoba na mitihani vinafuatana karibu sana. Nenda shuleni wiki hii, mwone mwalimu anayesimamia mwaka wa mwisho, mweleze yote pamoja na hilo la kichwa, kwa sababu daktari anaweza kusema apunguze kusoma pia kwa siku kadhaa, na shule ina utaratibu wa kumfikiria mwanafunzi mgonjwa.

Usiku na simu ndilo jambo linalonitia huzuni zaidi kwenye barua yako baada ya lile la kichwa. Kijana anasoma wageni wakimpima kama ng'ombe mnadani, saa nane za usiku, na kesho ana mazoezi. Usimnyang'anye simu, ana miaka 18 na mtagombana bure. Kaa naye, mwambie akuonyeshe wanachoandika, akutafsirie sentensi moja moja. Mara nyingi mtoto akiyasema maneno yale kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya mama yake, yeye mwenyewe anasikia yalivyo mepesi. Kama baada ya wiki mbili bado hali wala halali, mweleze daktari yuleyule. Huzuni na kukosa usingizi vinaweza kuwa vya orodha, vinaweza pia kuwa dalili za lile pigo, na si wewe wala mimi tunayeweza kuzitenganisha kwa barua.

Na asipotajwa Novemba? Siku chache baada ya drafti kuu huja ile ya ruki. Baadaye klabu zinaweza kumwita kijana afanye mazoezi nazo kabla ya msimu na kumpa nafasi iliyobaki. Na tangu 2019 ipo tena drafti ya katikati ya msimu. Mwaka huohuo Richmond walimchukua kwa njia hiyo Marlion Pickett, mwanamume wa miaka 27, na mechi yake ya kwanza kabisa kwenye ligi ikawa fainali kuu. Wakashinda. Kwa mlinzi mrefu, mwaka mmoja wa ziada kwenye ligi ya jimbo akipambana na watu wazima si mwaka uliopotea. Klabu nyingi hupenda kumwona hivyo kwanza.

Kitu kimoja zaidi, kwa kuwa najua hamtaambiwa. Kati ya Septemba na Novemba huenda watu wa klabu wakaomba kuja nyumbani. Huwa wawili au watatu, wamevaa fulana za klabu, wana daftari. Usinunue sofa. Usiwafukuze watoto wadogo sebuleni. Nilikaa kwenye ziara moja ambapo waliuliza kijana huamka saa ngapi na nani humwamsha, na kabla hajajibu mdogo wake wa miaka sita akasema, "Yeye ndiye hutuamsha sisi, anatupikia uji mama akiwa zamu ya usiku." Yule mwenye daftari aliinama akaandika mstari mrefu. Wapikieni mnachopika siku zote, na mwanao ajibu mwenyewe, hata akisitasita.

Usiku wa drafti kaeni wenyewe, ndugu wa kanisani waje keshoye. Simu yake iwe na chaji, na iendelee kuwa na chaji wiki yote inayofuata.

Ukishatoka kwa daktari, niandikie walichosema.